Fremu Iliyotoka Arizona

Sisi wakusanyaji wa baiskeli kuukuu ni waongo. Naanza na hilo kabisa ili asije mtu akaniambia sikumwonya. Juu ya baiskeli yenyewe hatudanganyi. Mwulize yeyote kati yetu fremu hii ni ya mwaka gani, atakutajia mwaka, atakuonyesha mshono wa kuchomelea, atakwambia hata rangi iliyokuwapo chini ya rangi hii. Lakini thubutu kumwuliza ameitoa wapi! Atakutazama usoni, atatabasamu, na atakupeleka mbali na ukweli mpaka upotee. Aliyeokota BMX, baiskeli ndogo ya kurukia vilima, ya mwaka sabini na sita nyuma ya banda la kuku hataki kesho yake akute wenzake watatu wanachungulia banda hilohilo. Wote tunafanya hivyo, wote tunajuana, na hakuna anayenuna.

Mimi naitwa Yolanda Arce. Nimezaliwa hapa Calder, nimekulia hapa, na katika wasichana wa mtaa wetu ni mimi peke yangu niliyeshindana na wavulana kwenye vumbi, enzi hizo ambapo mama zetu walikuwa hawajui BMX ni mchezo au ugonjwa. Sasa nina miaka hamsini na tisa, nina gereji, na nina mdomo. Watu huniletea fremu wasizozijua niwaambie zimezaliwa wapi na lini. Sijifanyi bingwa. Nimezishika nyingi tu.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, baada ya masika yale makubwa, tulikuwa tumekusanyika kama kawaida kwenye uwanja wa magari mbele ya duka la donati. Kila mtu kaegesha gari lake, kashusha alivyo navyo, kahawa mkononi, majivuno kibao. Vern Stoddard akafika na pikapu yake. Vern ni rika langu, tulianguka pamoja kwenye vilima vilevile, na leo ana kitambi na mke aliyeacha zamani kumwuliza lini atasafisha gereji. Akateremsha fremu tupu. Haina magurudumu, haina usukani, haina rangi. Alikuwa ameilowesha kwenye dawa ya kutu, ameisugua na kuipaka mafuta mepesi.

"Haya, mganga wetu," akaniambia, "piga ramli."

"Lete huku, na usinipumulie."

Niliigeuza kwanza chini juu. Kwenye bomba fupi linaloshika ekseli ya pedali, pale ambapo viwanda hugonga namba, hapakuwa na namba. Lyle na mdogo wake, ndugu wawili wanaonusa baiskeli kuliko mbwa anavyonusa mfupa, wakasogea karibu. Nikatazama vile vipande vya nyuma vinavyoshika gurudumu. Vinene, vimekatwa kwa msumeno wa mkono, upande mmoja umezidi mwingine kidogo. Nikatazama bamba la pembetatu nyuma ya shingo. Matundu matatu.

"Loo," nikasema. "Hii ni ya mzee Pickett."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Mzee Pickett alikuwa fundi wa pampu za mashamba ya michungwa. Jioni, nyuma ya nyumba yake, alikuwa akituchomelea fremu sisi watoto wa Calder kwa mabomba aliyopata kazini. Hazikufika mbali na mji huu. Hakuzibandika jina, hakuzigonga namba. Za kwanza alizifanya na vipande vyembamba vya nyuma, tukavipinda vyote kwenye miruko, na kiangazi cha sabini na saba kilipokwisha akaanza kuvitengeneza vinene. Kabla Krismasi haijafika macho yakamgomea, akaacha. Kwa hiyo fremu yenye vipande vinene umri wake unajulikana bila kubahatisha: ni mavuno ya vuli moja tu, mwaka sabini na saba.

Nikawaeleza hivyo, nikiwa nimejaa raha, sikatai. Lyle akawa anameza mate. Huku nazungumza, kidole changu kinapita chini ya shingo, kwenye bomba la chini, na kikakutana na kiraka. Chuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi kimechomelewa juu ya bomba, kwa mshono uleule wa Pickett, mnene na wa pole.

Nilikuwapo siku kiraka kile kilipowekwa.

"Vern," nikasema, "umeitoa wapi hii?"

"Ghala moja huko Arizona," akajibu haraka. "Karibu na Kingman. Mzee kafariki, watoto wanauza vyuma chakavu."

"Hii ni ya Curtis Lasater."

Wenye umri wetu walimjua Curtis, na waliokuja baadaye walimjua kwa sababu ya mama yake. Curtis alikuwa na miaka kumi na tatu, mzito wa mifupa, mwenye kelele, na alinishinda mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo namwonea wivu. Vuli ile aliruka kilima akatua vibaya, bomba likapasuka chini ya shingo. Akamlilia Pickett, Pickett akakata kipande cha chuma akambandikia. Curtis akawa anatuonyesha kiraka chake kana kwamba ni kovu la vita. Januari ya sabini na nane aligombana na baba yake kwa ajili ya alama za shule, akatoka na baiskeli, akabamiza mlango. Hakurudi. Polisi wa wakati ule wakaandika kwamba ametoroka nyumbani, na mambo yakaishia hapo.

Nilimtazama Vern. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Vern, Kingman kweli?"

Akamtazama Lyle. Akatazama kahawa yake. "Kweli," akasema. "Kingman."

Nilijua watu wetu wanadanganya, nimeshasema. Lakini nilidhani hata uongo una mpaka wake. Nikaamini.

Mama Opal Lasater ana miaka themanini na nne. Anaishi nyumba ileile, mtaa uleule, kwa sababu hakutaka mtoto aje agonge apokelewe na wageni. Harlan, mumewe, aliondoka duniani akiwa bado hataki jina la Curtis litajwe mezani. Yeye Opal alilitaja, lakini kwa uchungu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimpelekea mboga na kumpunguzia majani, na kila mara lazima atasema, "Kadi moja tu, Yoli. Mtu hawezi kumwandikia mama yake kadi moja?"

Tulikwenda mimi na Vern, fremu nyuma ya pikapu. Niliishika mbele yake nikamwonyesha kiraka, nikamweleza vipande vya nyuma, nikamweleza Pickett na vuli ile. Nilikwenda polepole maana sikutaka aanguke. Akaweka kidole juu ya nusu mwezi ule.

"Hii naijua," akasema. "Nilimsuta Pickett kwamba kiraka kibaya. Imetoka wapi?"

Vern hakufungua mdomo. Nikajibu mimi. "Arizona, mama. Karibu na Kingman."

Ningependa kusahau alivyobadilika. Alikaa kwenye kiti, akacheka, akalia, akanishika mashavu yangu yote mawili. "Alifika Arizona! Mwanangu alifika Arizona! Kaka yangu Wendell alikuwa Flagstaff, hukohuko Arizona, wakati ule, Yoli. Alikuwa anakwenda kwa mjomba wake. Kingman ni njiani. Mtoto mwenye akili yule, alikuwa anajua njia."

"Inawezekana, mama."

"Haiwezekani, imekuwa! Baiskeli haitembei peke yake." Akamgeukia Vern. "Na wewe Mungu akubariki. Unataka nini kwa baiskeli hii? Sema."

"Sitaki kitu," Vern akasema, anazungusha kofia mikononi. "Ni yako, mama. Ni yako." Nilidhani anaona haya kushukuriwa.

Hapohapo mipango ikaanza. Mpwa wake Jolene angemwendesha mpaka Kingman. Wangekwenda kwenye makanisa, kwenye vituo vya mafuta, wangeuliza wazee. Akataka niiunge baiskeli yote, magurudumu na usukani na vyote, kama ilivyokuwa. "Mtu akiona vyuma vitupu hatakumbuka kitu," akasema. "Akiiona nzima atasema, ah, yule kijana!" Curtis angekuwa na miaka hamsini na nane sasa. Opal akaanza kujiuliza kama ameota upara kama Harlan, kama ana watoto, kama watoto wanajua wana bibi. Akanunua peremende za watoto! Wajukuu wenyewe, kama wangekuwapo, wangekuwa wamekwisha kuoa.

Nikafanya kazi kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilitafuta rimu za mwaka uleule, nikapata usukani mrefu wa aina aliyokuwa nao, nikapata kiti cha njano. Kila kilichokuwa gerejini mwangu kizuri cha mwaka sabini na saba kikaenda kwenye baiskeli ile. Ikabaki ekseli ya pedali. Nilitaka kusafisha bomba lake kabla ya kupaka grisi, nikasikia kitu kinacheza ndani ya bomba la chini, kule juu karibu na shingo. Sikushtuka. Fremu za Pickett zote zinalia ndani, ni makapi ya kuchomelea. Nikaigeuza, nikaigonga kwa nyundo ya mpira ili yatoke.

Yakatoka makapi mawili. Halafu likatoka tope.

Lilikuwa limekauka, la kijivu, laini kama unga wa ngano, likatoka na kutoka mpaka likafanya kichuguu juu ya gazeti. Ndani yake mlikuwa na konokono wa majini, wadogo kuliko punje ya mahindi. Weupe. Wengi.

Nilikaa chini sakafuni. Kingman ni jangwa. Ghala la Kingman lina vumbi jekundu, lina buibui, lina mavi ya panya. Konokono wa majini hapandi ndani ya bomba la baiskeli iliyotundikwa ghalani. Tope lile lilikuwa limejaa mpaka chini ya shingo, na tope halipandi huko kwa mvua ya siku moja. Fremu ile ilikuwa imelala chini ya maji miaka na miaka. Nimezitoa fremu kwenye mifereji ya mashamba, najua zinavyokuwa.

Nikachukua gazeti na tope lake, nikalikunja, nikaingia garini. Sikumbuki nilipita barabara gani.

Vern alikuwa gerejini kwake. Nililimwaga tope juu ya meza yake ya kazi.

"Konokono wa Arizona hawa," nikamwambia. "Nifundishe, wanaishi vipi jangwani?"

"Yoli..."

"Usiniyolie! Umeitoa wapi?"

Alikaa juu ya ndoo. "Bwawa la Cutter," akasema.

Bwawa la Cutter liko juu ya mji. Ukisimama kwenye ngazi za nyumba ya Opal unauona ukuta wake. Vern akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Mwaka uliopita, ule ukame ulipozidi na maji yakashuka kuliko yalivyowahi kushuka tangu utoto wetu, alikuwa anapanda huko alfajiri kutembea juu ya tope lililopasuka, kuokota. Alipata nanga, chupa za zamani, mtego wa samaki. Mwezi wa kumi akaona bomba limechomoza.

"Upande gani?"

"Upande wa mashariki. Kule tulikokuwa na vilima vyetu."

Kiangazi cha sabini na saba ukame ulikuwa vilevile, bwawa lilikuwa limekauka nusu, na sisi watoto wote wa Calder tulijenga vilima vya kurukia juu ya tope gumu la upande wa mashariki. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Mwezi wa kwanza mvua zikarudi, tope likalainika, sote tukaacha kwenda. Wazazi walitukataza. Lakini mtoto aliyegombana na baba yake na kubamiza mlango, anataka mahali pasipo mtu, atakwenda wapi? Tope lile likilowa linameza mguu mpaka gotini, huchomoki. Na maji yalikuwa yanapanda.

"Na ulijua ni ya Curtis," nikasema.

"Sikujua! Naapa, Yoli, sikujua mpaka uliposema wewe pale kwenye donati. Kwangu ilikuwa fremu tu. Kingman nilisema kwa sababu ya Lyle. Yule angekuwa kule kesho yake na mdogo wake na majembe. Wewe ungesemaje?"

Ningesema Kingman. Ndiyo maana nilitaka kumpiga.

"Na baadaye? Mbele ya mama wa watu?"

"Ulishamwambia. Ulisema Arizona, akacheka. Ulimwona. Uliwahi kumwona Opal Lasater akicheka? Ningefungua mdomo vipi?" Akafuta pua kwa mkono. "Nilisema nitamwambia kesho. Kila siku nasema kesho."

"Nionyeshe mahali penyewe. Una picha?"

Akatikisa kichwa, na hapo nikajua kabla hajasema. Picha alipiga ya fremu tu, karibu, juu ya turubai, mandhari hayaonekani. Na simu zetu, sisi wote, tumezima kile kinachoandika picha imepigwa wapi. Tunafundishana hivyo. Anayeingia kwenye kundi letu huambiwa jambo hilo mapema, zima, wasikufuate. Alipokwisha kuichomoa fremu alilifukia shimo kwa mguu, akaburuta tawi juu ya nyayo zake mpaka kwenye njia. Kazi safi kabisa. Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaanza, na ukiangalia leo Cutter imejaa mpaka mdomoni, mawimbi yanapiga ukutani, watu wamerudi na mashua.

"Kulikuwa na kitu kingine?" nikamwuliza.

Akaanza kuwapanga konokono mezani kwa kidole.

"Vern, kulikuwa na kitu kingine pale?"

"Kiatu," akasema. "Raba. Ilikuwa imezama pembeni ya pedali. Nilidhani takataka, Yoli. Kule kumejaa takataka, matairi, makopo, kila kitu. Niliitupa pembeni."

"Ya rangi gani?"

"Bluu. Ina mistari."

Nikalizoa tope langu gazetini, nikamshika ukosi, nikampeleka polisi. Sina la kuwalaumu waliokuwapo siku hiyo, vijana wote, wenye adabu, hawakuwa wamezaliwa Curtis alipopotea. Waliandika. Wakaleta wapiga mbizi wawili, Vern akasimama ukingoni akinyoosha kidole, mara pale, mara kule, mwishoni akakaa chini akalia kwa sababu maji yote yanafanana. Wapiga mbizi walishuka. Walituambia huko chini mtu haoni mkono wake mwenyewe, na juu ya tope la zamani limelala tope jipya la mvua za mwaka huu. Kipande cha kutafuta ni kikubwa kama shamba. Tusubiri, wakasema, mpaka maji yapungue.

Nikaenda kwa Opal peke yangu. Vern alitaka kuja, nikamkatalia. Alikuwa jikoni, sanduku la safari liko wazi juu ya kiti, ramani ya Arizona imetandikwa mezani, na kwenye ramani amezungushia makanisa kwa kalamu. Jolene angemfuata Ijumaa.

"Baiskeli iko wapi?" akauliza. "Imekwisha?"

"Kaa, mama."

"Nimekaa siku nyingi. Sema."

Nikamwambia. Sikuzunguka, maana nimechoka na watu wanaozunguka. Nikamwambia haikutoka Arizona, Vern alidanganya, ilitoka Cutter, kwenye tope, upande wa mashariki. Nikamwambia na habari ya konokono. Alinisikiliza akiwa ameshika ncha ya ramani.

"Basi aliitupa," akasema.

"Mama..."

"Aliitupa bwawani ili baba yake asiipate, akapanda basi. Curtis alikuwa na hasira kama za Harlan. Angeweza kuitupa. Akashuka Kingman au asishuke Kingman, lakini basi alipanda. Kituo kilikuwa pale chini tu, karibu na posta." Alikuwa anaongea mbio. "Baiskeli si mtu, Yoli. Baiskeli kuwa majini haina maana mtu alikuwa majini. Wewe unajua mambo ya vyuma, hujui mambo ya mwanangu."

Mungu wangu, nilitamani kukubali. Neno moja tu, "inawezekana, mama," na angeenda zake Ijumaa na peremende zake. Nilimfahamu Vern wakati ule kuliko nilivyotaka kumfahamu.

"Kulikuwa na kiatu," nikasema. "Kando ya pedali. Raba ya bluu yenye mistari."

Aliiachia ramani. Mikono yake ikabaki hewani, haijui iende wapi, halafu ikatua juu ya meza.

"Mstari mweupe," akasema.

"Vern alisema mistari. Rangi hakuitaja."

"Mweupe. Nilimnunulia kwa ajili ya Krismasi. Harlan alisema namdekeza." Hakulia. Alikuwa anatazama dirisha la jikoni, na dirishani, juu ya mapaa ya majirani, ukuta wa bwawa unaonekana. "Miaka yote nimemtukana, Yoli. Unanijua. Kadi moja, kadi moja. Nilikuwa naamka asubuhi na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumkasirikia. Nilisema ana moyo wa jiwe. Nilimwambia kasisi kwamba nimezaa mtoto mwenye moyo wa jiwe."

"Hukujua, mama."

"Na kila tarehe nne ya Julai, sikukuu ya uhuru, tulikuwa tunapanda kule kuangalia fataki. Mimi na Harlan. Kila mwaka, mpaka alipougua. Tunatandika blanketi ukingoni, upande wa mashariki, kwa sababu huko huoni taa za mji. Tunakula kuku. Na Harlan, ukimpa bia mbili, husema, popote alipo, ajue tunakula raha bila yeye." Akaweka mkono mdomoni. "Alikuwa anasema kwa sauti. Alikuwa anasema akiyaangalia maji."

Nilizunguka meza nikamkumbatia, mifupa mitupu, na nikalia mimi kwa sababu yeye hakulia. Nililia kwa Curtis, nikalia kwa kile kicheko cha siku ile tulipompelekea fremu. Nilimlaani Vern na Lyle na sisi wote na siri zetu za kijinga, watu wazima wanaofuta nyayo zao kwa ajili ya vyuma vya watoto.

Baada ya muda akanisukuma taratibu, akanyoosha gauni. Akafunga sanduku la safari, likakwama, nikamsaidia.

"Watamtoa lini?" akauliza.

"Wanasema mpaka maji yapungue."

"Yatapungua lini?"

"Sijui, mama. Kabla ya mwaka jana, mara ya mwisho kushuka hivyo sisi tulikuwa watoto. Ikija mvua nyingine kama hii ya mwaka huu, itachukua muda mrefu."

"Sina muda mrefu."

"Najua."

"Nataka kumzika mimi. Sitaki azikwe na Jolene, yeye hakumjua. Nataka nimwombe radhi nikiwa nimesimama pale, na kasisi, na jina lake lote lisomwe." Jumapili iliyopita kanisani kwake watu walikuwa wamesimama na mikono juu kumshukuru Mungu kwa mvua, wenye michungwa wanabubujikwa na machozi, na Opal alisimama nao, alinisimulia mwenyewe, aliimba. Sasa alivuta kiti akaketi, akaninyooshea mkono wake juu ya meza. "Njoo tuombe ukame," akasema.

"Mama, michungwa ya watu. Ukame wa juzi uliua nusu ya bonde."

"Na ikauke."

"Watu watafilisika."

"Na ikauke yote, Yoli. Visima na kila kitu. Mpaka chini."

Alikuwa hataki kubembelezwa na wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mama anayejua mtoto wake yuko wapi. Nikakaa mkabala naye, nikaushika ule mkono, tukafumba macho, tukamwomba Mungu mvua isinyeshe.